Kibali cha Mikono

Asubuhi ile Landrova ya wilaya ilipoingia Itamunyu, Damari alikuwa amechutama mbugani akikwangua udongo wa chumvi kwa kipande cha kibuyu. Hakuinuka kuilaki. Udongo wa chumvi hukwanguliwa kabla umande haujakauka, na Landrova haikauki.

Ungo ulipojaa aliutia udongo katika chungu kilichotobolewa matundu chini na kutandikwa nyasi, akaumwagia maji. Maji yaliyochuruzika aliyachemsha mafigani mpaka jioni, macho yakimwasha kwa moshi, hadi chumvi ikabaki chunguni nyeupe. Mama yake alifanya hivyo hivyo, na bibi yake pia. Shimo lake pale mbugani lilijulikana kuwa ni lake kama pua yake ilivyojulikana kuwa ni yake.

Wanawake wa milimani waliteremka Usangu na mahindi na maharage, wakabadilishana naye. Kabla ya kupima, Damari alimtia mwenzake chembe za chumvi kiganjani, mkono kwa mkono, mwenzake akalamba na kusema, "Imekubali." Ndipo kibaba kikashikwa. Kwa nini lazima iwe hivyo hakuna aliyeuliza, kama ambavyo hakuna anayeuliza kwa nini mtu hubisha hodi kwenye mlango ulio wazi.

Mwaka ule, sabini na tano, ulikuwa umetangazwa duniani kote kuwa mwaka wa wanawake. Habari zilipofika Itamunyu mwaka wenyewe ulikuwa umeshaliwa nusu, lakini Damari hakuwa na neno nao. Alikuwa na haja moja tu. Tekla, mwanawe wa pekee, alikuwa ameolewa Kilolo na alikuwa na mimba ya kwanza. Kwa ukoo wao, mtoto wa kwanza akishakatwa kitovu hupokelewa na mikono ya bibi mzaa mama kabla ya mikono mingine yoyote. Damari alitaka kuwa Kilolo siku hiyo, basi.

Aliyeshuka kwenye Landrova alikuwa Bwana Maendeleo, jina lake Anania, kijana mwenye viatu vilivyong'aa na kauli laini. Aliwakusanya wanawake juani, yeye akasimama kwenye kivuli cha gari ili sauti yake isikauke.

"Akina mama," alisema, "kuni zinakwisha na macho yenu yanakwisha. Tutajenga mabirika ya saruji. Jua litapika chumvi, ninyi mtapumzika. Mradi huu ni wenu."

Mgala muue na haki yake mpe: mabirika yalifanya kazi. Yalikuwa mapana, kina chake kama kiganja, na maji ya chumvi yaliyomwagwa humo yaliachwa juani yakauke yenyewe. Chumvi ilitoka nyingi na safi, bila moshi. Wanawake walibeba mchanga wa kuyajengea, walibeba maji ya kuchanganyia saruji, na wakati wako mtoni kuteka hayo maji ndipo ilipochaguliwa Kamati ya Chumvi ya Akina Mama. Kwa kuwa akina mama hawakuwapo, ikawa ya wanaume watupu.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Joachim, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa mtu mwema kupindukia. Aliwahurumia wanawake kiasi kwamba hakutaka wajichoshe hata kwa kuamua. Mashimo yakawa mali ya kijiji, chumvi ikawekwa kwenye pakiti zenye picha ya mama anayecheka, na pakiti zikapelekwa kwenye duka la kijiji. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hawakusema kwamba lazima awe mtu yule yule.

Kisha Bwana Maendeleo alimwona Damari akimtia mgeni chembe kiganjani.

"Mama, hayo ni mambo ya zamani, tena ni uchafu," alisema. "Magonjwa hupita hapo hapo. Kuanzia leo ni kijiko."

Kijiko kikaletwa. Wiki iyo hiyo chumvi ya Itamunyu ikaacha kukolea.

Mke wa Joachim alikuwa wa kwanza kujua. Alitia kijiko kimoja kwenye maharage, akaonja, akatia cha pili, halafu pakiti nzima. Joachim alikula maharage yaliyopooza, chumvi ikimlialia menoni kama mchanga wa mtoni. Iringa mjini, wenye vigenge wa Mlandege walizirudisha pakiti. Bwana Maendeleo alipeleka pakiti moja ikapimwe kwa wataalamu, nao wakajibu kwamba ni chumvi nzuri sana, ila wasiile. Kwa wanawake walioitengeneza, vyungu vilikolea kama kawaida.

Kamati ikaita mkutano. Mbuke, mama yake Seni na jirani yake Damari, Msukuma aliyefika Usangu na ng'ombe wa mumewe na kujifunza chumvi kwa Damari, alisimama bila kuombwa.

"Ndugu Mwenyekiti, mbona jambo lenyewe dogo? Hamjalambishwa. Chumvi haijatolewa, imechukuliwa tu. Rudisheni mashimo kwa wenyewe, anayetaka chumvi apewe na mwenyewe mkono kwa mkono. Itakolea."

"Tunamshukuru Mama Seni kwa mchango wake," alisema Joachim, na akina baba wakapiga makofi kwa heshima.

Wakajadili mpaka ng'ombe wakarudi zizini. Walikubali maneno ya Mbuke yote isipokuwa yale ya mashimo. Waliamua kwamba Damari na wenzake wasimame dukani, kila mnunuzi atiwe chembe kiganjani na mikono iliyotengeneza chumvi ile, alambe, kisha alipe kwa Crispin, mwenye funguo za duka. Bwana Maendeleo aliridhia, mradi mikono inawe kwa sabuni.

Chumvi ikakolea. Haikuuliza hela inaingia mfuko wa nani. Damari alikuwa ametumaini kwamba ingeuliza, na hilo alimwambia Mbuke waziwazi wakiwa njiani kurudi, akalia kidogo, maana chumvi ile aliijua tangu utotoni na hakuitegemea kuwa kigeugeu namna ile.

Sifa za Itamunyu zikavuka Usangu. Malori yaliacha barabara kuu na kuja kupanga foleni. Mikono ya Damari ndiyo iliyopendwa kuliko yote, kwa kuwa chumvi iliyopita humo ilikoza hata mboga ya mgonjwa. Alisimama dukani tangu kufunguliwa mpaka kufungwa, na jioni akaenda kwenye mabirika kukusanya chumvi ya kesho. Kule kupumzika alikoahidiwa kulibaki kwenye ratiba ya mwakani. Kamati, kwa kuona thamani ya mikono hiyo, ikapitisha sheria ndogo: mikono ya chumvi ni mali ya kijiji, haitoki nje ya mipaka bila kibali.

Ndipo dereva wa lori la viazi akaleta salamu kutoka Kilolo. Tekla alikuwa karibu kujifungua, na alikuwa akimwita mama yake.

Damari alivaa khanga yake nzuri, akaenda kwa Mwenyekiti na kupiga magoti mlangoni.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, Mama Tekla. Karibu."

"Mwanangu ananiita Kilolo. Mjukuu wa kwanza. Naomba ruhusa nikampokee."

Joachim alitabasamu. Alipenda watoto.

"Nani kakuzuia? Sisi hatuwezi kumzuia mama kwenda kwa mwanawe. Nenda hata kesho. Kinachozuiwa ni mikono."

"Mtoto hupokelewa kwa mikono, baba."

"Najua, mama. Na mimi nilipokelewa. Lakini nikikuruhusu wewe, kesho atakuja Mbuke naye, keshokutwa duka halina mkono hata mmoja. Tutawaambia nini wageni? Mradi ni wenu, msiuue wenyewe."

Damari alifikiri. Lori la viazi lilikuwa linaondoka alfajiri.

"Basi ibaki," alisema.

Alfajiri alipitia dukani. Aliivua mikono yake pale kwenye vifundo, kwanza wa kushoto, halafu, kwa kuubana kati ya magoti, wa kulia, kama mtu anayevua bangili zilizombana. Haikutoka damu. Mbuke aliifuta kwa pindo la khanga na kuilaza juu ya kaunta, wa kulia karibu na gunia, wa kushoto pembeni yake.

"Jioni uipake mafuta, mwanangu," Damari alimwambia Crispin. "Chumvi inaipasua."

"Nitaipaka," alisema Crispin, ingawa mafuta ya duka yalikuwa ya kuuzwa.

Mbuke alimfunga rafiki yake furushi mgongoni, akamfunga nauli kwenye ncha ya khanga. Alikuwa na hasira na hakuificha. "Wangekuwa wanajua kuvua vichwa, Mama Tekla," alisema, "wasingeonekana tofauti." Kisha akamsukuma apande.

Utingo wa lori alifungua fundo mwenyewe, akatoa nauli, akarudisha chenji na kulifunga tena. Alimwambia kuwa wiki ile alishapakia mwanamke wa mashamba ya chai aliyeacha mgongo kazini, na huyo alikuwa shida zaidi kwa sababu hakuweza kuegemea.

Kilolo kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma. Damari alifika mtoto ametoka, kitovu kimekwisha kukatwa, na mkunga amemlaza kwenye ngozi bila kumpa mtu, maana walikuwa wakimsubiri bibi. Alikuwa wa kike, mnono, mwenye hasira.

Tekla aliinua kichwa. Alizitazama ncha za mikono ya mama yake.

"Mama, mikono iko wapi?"

"Iko kazini, mwanangu."

"Itakuja lini?"

"Haina kibali."

Tekla aligeukia ukutani, akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyekuwa amejikaza siku nzima kwa ajili ya jambo moja. Mkunga alijaribu kumlaza mtoto juu ya vigasha vya bibi yake. Mtoto akateleza. Wakajaribu tena, Damari akambana kwa viwiko, mtoto akapiga kelele kwa kubanwa. Mwishowe jirani aliyekuja kuleta kuni ndiye aliyempokea, akiomba radhi. Damari aliinama akagusa paji la uso la mjukuu wake kwa midomo, akakaa hivyo hivyo ameinama, akimnusa, mpaka mgongo ukamuuma.

Wakati huo huo Itamunyu foleni ilikuwa ndefu. Mkono wa kulia ulikuwa ukimtia chembe kiganjani dereva mmoja wa Mbeya, ukaziacha zikamwagika. Ukajiburuta juu ya kaunta mpaka alipokuwa mwenzake wa kushoto. Ikajipanga pamoja, viganja juu, vidole vimekunjwa kidogo kama inayopokea kitu chenye uzito wa kiasi, na ikaanza kubembeleza polepole. Wateja walisubiri. Dereva alitazama saa yake. Crispin aliigonga kwa rula, akaigonga tena, lakini haikuachia. Jioni alimpelekea Mwenyekiti habari kwamba mikono ya Damari imeanza uzembe, na Kamati ya Akina Mama ikakubaliana kwa kauli moja kwamba akiomba ruhusa tena asipewe.