Bilauri Zilizomtoka Litiana

Jumamosi saa tisa alasiri, jikoni kwake mjini Suva, Litiana alipanga bilauri tisa mezani akafikiria ipi ampe mgeni yupi. Ndefu zilifaa ramu, nanasi na tui la nazi, maana zinabeba barafu nyingi. Fupi zilifaa ramu na ndimu. Zote zilikuwa zimemtoka mwilini. Kila bilauri ambayo mumewe, Apenisa, alimpiga nayo ikapasuka, ilimtoka nzima baada ya wiki mbili, pale pale ilipoingilia, bila hata ufa. Aliziosha kwa sabuni akazitunza kabatini, kwani ni israfu kutupa chombo kizima.

Kaka yake, Viliame, alimchagulia ile ya Pasaka, iliyotokea tayani. Mara tatu Apenisa alikuwa amempelekea Viliame jino la nyangumi kuomba radhi kimila. Mara zote Viliame alilipokea, yakaisha, na Litiana akarudishwa kwa mumewe. Leo alitaka kaka yake anywe, ajue, amchukue waende kwao Nausori. Hakutaka kingine.

Wageni walikunywa kama wanavyokunywa kava, kinywaji chao cha mizizi, kwenye kifuu, mkupuo mmoja, kisha makofi. Kwa hiyo mapigo ya kila bilauri yaliwapata wote kwa pamoja. Pua ya mchungaji ilivunjika. Paji la uso la jirani lilipasuka hadi mfupa ukaonekana. Shangazi yake Apenisa alitema meno mawili kwenye sahani ya mihogo. Taya la Viliame liliteguka kwa mlio uliosikika barazani.

"Tamu, ila kali," mchungaji alisema, akijipangusa damu. "Nanasi la wapi hili?"

Viliame alilirudisha taya lake kwa mikono miwili.

"Hii ndiyo ya Pasaka?"

"Ndiyo, kaka."

"Kumbe alikupiga hivi."

"Hivi hivi. Nichukue twende."

"Dada, jino nilishapokea. Uso nitauweka wapi?"

Apenisa alikasirika kwamba mkewe amemwaibisha kwa vyombo vibaya, akampasulia bilauri moja ndefu kichwani. Wageni walisubiri amalize, kisha wakaomba barafu. Ni watu wenye adabu mno, na adabu yao inatia kichefuchefu.

Jumamosi iliyofuata walirudi, kila mmoja na kikombe chake cha plastiki. Viliame alileta viwili, kimoja cha shemeji yake.