Mamba wa Darius

Darius hakuwahi kusomea wanyama hata siku moja. Alikuwa fundi wa matofali, na kazi ya matofali ilipodorora akajenga kando ya barabara, ukitoka Lusenda kabla hujaingia Baraka, kitu alichokiita zoo. Bango aliliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, herufi za mwisho zikabanana kwa kukosa nafasi. Ndani ya uzio wa mianzi mlikuwa na nyani mmoja mwenye hasira, kobe aliyepakwa rangi za bendera, fuvu la kiboko ambalo watoto walilikalia wapigwe picha, na kisima cha saruji kisicho na kina. Kisima hicho ndicho kilichowashusha watu kwenye pikipiki. Hata malori yaliyokuwa yakielekea Misisi yalizima injini pale, wasafiri wakaruka chini kwenda kumtazama mamba aliyemla mtu.

Ndivyo alivyosema Darius. Na mtu mwenyewe alikuwa na jina lake, Jérémie, mvuvi wa Baraka, ambaye mtumbwi wake ulionekana asubuhi moja umepinduka karibu na mdomo wa mto Mutambala. Ziwa lilitafutwa, mwili haukuonekana. Baadaye vijana walinasa mamba mahali pale pale, na Darius akawahi kufika na kamba kabla wao hawajaleta shoka.

Georgette, mke wa Jérémie, alikuwa hajakanyaga hapo. Akipanda pikipiki kwenda Lusenda, aligeuza uso upande wa ziwa mpaka bango lipite. Alimchukia Darius kwa moyo wake wote na hakuona haya kulisema hilo hata mbele ya padri.

Katika ukoo wa mumewe, mtu ambaye hajazikwa hatajwi jina. Ukimtaja kabla hujamlaza, walisema, unamwita, naye atakuja akute hana pa kuingilia. Sisi tunaosimulia tu hatufungwi na mwiko huo, lakini nyumbani kwa Georgette uliwabana hasa. Marehemu aliitwa "yule" au "mwenzetu", na picha yake ya kipaimara iligeuzwa ukutani. Georgette mwenyewe alikuwa na nafuu kidogo, kwa sababu majirani walimwita Mama Divine, kwa jina la binti yake, kama walivyozoea. Aliyeumia ni mama mkwe wake. Tangu ujana wake hakuna aliyemwita ila Mama Jérémie, na jina lake la ubatizo lilikuwa limebaki kwenye kadi ya uchaguzi tu. Sasa watu walianza kumsalimu, "Jambo, Mama...", wakameza mate, wakageukia habari za mvua. Mwishowe wakaona heri wamwite koko, yaani bibi, jina ambalo unaweza kumpa kikongwe yeyote barabarani.

Dawa ilikuwepo, tena ya siku nyingi. Mtu aliyepotelea ziwani hukatiwa kipande cha mgomba, kikavikwa nguo zake, kikazikwa kwa sala na vilio vyote. Hapo jina linarudi midomoni, mjane anavua nguo nyeusi, maisha yanaendelea. Lakini mama mkwe alikataa katakata.

"Mi sikuzala mugomba," aliwaambia, na kikao kikaishia hapo.

Basi kilio kikaning'inia. Mjane aliyeko kilioni hauzi sokoni, na nafasi ya Georgette kwenye meza za samaki ilikwisha kukaliwa na mwingine. Nguo yake nyeusi ilikuwa imepauka mabegani. Alikuwa amemlilia mumewe mpaka macho yakakauka, na sasa alikuwa amechoka, hilo ndilo neno lenyewe, amechoka, halafu anaona aibu kwa kuchoka. Ndipo shemeji yake Déogratias alipoleta wazo: wampasue mamba wa Darius. Wakipata hata kifungo cha shati, watakizika hicho, na mama hataweza kusema ni mgomba. Darius alinung'unika, kisha akakubali kwa sharti moja, kwamba mama wa marehemu, ambaye yeye Darius hakumjua, aje mwenyewe kutoa ruhusa.

Mama hakutoa ruhusa wala hakukataa. Na kila Jumapili, misa ikiisha, alipotea mpaka jioni. Divine ndiye aliyemwambia mama yake koko huenda wapi, na Georgette hakuamini mpaka alipopanda pikipiki kumfuata.

Alimkuta kweli. Mama mkwe amekaa juu ya fuvu la kiboko kama mtu aliyeko uani kwake, kitambaa cha ndakala wakavu, wale dagaa wa ziwani, mapajani, akimtupia mamba mmoja mmoja. Georgette alisimama nyuma yake. Maneno aliyoyapanga njiani yote yalimtoka kichwani, kwa sababu wakati huo huo Darius alikuwa anaingiza wageni, mama mmoja wa Lusenda na wanawe.

"Muone hii mamba!" Darius alipaza sauti. "Ni yeye alikula Jérémie! Jérémie wa Baraka, muvuvi mukubwa, murefu sawa mulango! Jérémie alipigana naye usiku muzima!"

Georgette alimpa Darius mgongo. Hakuwa amelisikia jina hilo tangu mtumbwi ulipopinduka, na sasa linapigwa kelele na fundi matofali, tena pamoja na uongo, maana Jérémie alikuwa mfupi, na hakuwa mtu wa kupigana. Aliishika mianzi ya ukingo, na kwa kuwa uso ulikuwa umeelekea kisimani, kwa mara ya kwanza akamtazama mamba.

Alimtazama kwa muda mrefu. Mnyama hakufika hata urefu wa kasia. Kinywa chake kingeweza kumbeba bata, labda na mbwa mdogo. Georgette aliyajua mabega ya mumewe. Ndiye aliyekuwa akimtanulia mashati kwa kuongeza kitambaa.

"Mama," alinong'ona, akiinama. "Hii mamba haiwezi kukula muntu. Ona kinywa yake."

"Mi najua," mama mkwe akajibu bila kugeuka. Hakushtuka hata kumkuta hapo. "Nilijua siku ya kwanza."

"Sasa juu ya nini unakuja?"

Kikongwe alitupa ndakala mwingine. Darius alikuwa amefika mahali ambapo Jérémie anamchoma mamba jicho, ingawa macho yote mawili ya mamba yalikuwa mazima.

"Sikia," mama mkwe alisema. "Amesema tena. Kwetu nani anasema? Hapa banamuita kutwa nzima. Ata kama ni ya uongo, banamuita."

Georgette alitaka kumhurumia, na alimhurumia, lakini hasira ndiyo iliyotangulia kutoka.

"Na mi je? Mi navaa hii nguo mupaka lini, juu we upate kusikia jina kwa Darius?"

"Mama Divine, nikizika, nimekubali ameisha kufa."

"Ameisha kufa, mama."

Hakuna aliyekuwa amelisema hilo wazi kati yao wawili. Kikongwe aliinamisha kichwa, na mabega yake membamba yakatikisika. Georgette alitamani neno lirudi, kisha akaona halifai kurudi. Aliweka mkono wake mgongoni mwa yule mama na kuuacha hapo. Alimkumbuka alivyokuwa, mwanamke wa kuitwa kutoka nyumba ya tatu, naye akaitika kwa sauti ya kuamsha mtaa. Watu walikuwa wamelizuia jina la mwana wakidhani wanamzuia marehemu asirudi, kumbe wamemfungia nje mama yake.

Wana wa yule mgeni walikuwa wamechoka na mamba. Mdogo wao alikuwa anamtazama kikongwe kwenye fuvu, labda akitaka zamu yake ya kukalia.

"Na huyu koko ni nani?" mgeni akamuuliza Darius.

"Ah, huyu?" Darius akacheka. "Huyu anakujaka kila yenga, misa ikiisha. Anapenda hii mamba sana. Jina yake siijue."

Georgette alinyoosha mgongo. Aliujua mwiko, na aliuogopa kama wengine. Alitazama ziwa ng'ambo ya barabara, likiwa kimya jinsi lilivyokuwa siku ile.

"Ni Mama Jérémie," alisema.

Darius alifunga mdomo, pengine kwa mara ya kwanza tangu ajenge zoo. Mkono wa kikongwe ulisimama hewani na ndakala wake.

"Unasema nini?" kikongwe akauliza.

"Mama Jérémie," Georgette akarudia, sasa kwa sauti, kama jirani anayeita kutoka nyumba ya tatu.

"Eee!" kikongwe akaitika, na sauti ikatoka yote, ya zamani, nyani akaruka kwenye kamba yake. "Niko!"

Machozi yalimshuka na hakuyafuta. Alikung'uta ndakala wote waliobaki kisimani kwa mara moja, akakunja kitambaa, akamshika Georgette mkono ili ainuke.

"Acha hii mamba yao," alisema. "Twende tukate ule mugomba."