Bomba Lililokatiwa Utepe

Usiku wa jana niliota ni ile Jumanne ya tarehe kumi na mbili Machi, siku niliyompeleka mke wangu Asumini kwenye idara ya dharura. Aliingia na kifundo cha mguu kilichoteguka, akatoka na kipindupindu, tukazika Ijumaa.

Basi yuko kitandani, mzima, mguu tu umevimba. Nesi Generoza anatoka kitanda cha jirani, kwa mtu anayeharisha, anakuja kwetu. Kibao cha ukutani, kile cha kuhimiza watu wanawe mikono, kinamdaka kola.

"Nawa kwanza!"

"Ninawe na nini? Na mate?"

Nikaliendea bomba. Likakohoa upepo.

"Samahani, Mzee Kondo," likasema. "Mie siku ya ufunguzi nilikatiwa utepe tu. Kiu sijamkatia mtu."

"Sasa maji yako wapi?"

"Kwa wakubwa. Wananawa mikono."

Nikavuta pazia la kitanda, nikajikuta ofisini kwa mganga mkuu. Karai kubwa kama kisima. Mganga mkuu, mhandisi wa maji na mheshimiwa mmoja wamekunja mikono ya mashati, wanasugua mpaka viwikoni. Sabuni inanukia mawaridi.

"Mnanawa kwa ajili ya nini, wakubwa?"

"Kwa ajili ya mkeo," akasema mheshimiwa. "Pole sana."

"Hajafa."

"Sisi huwa tunawahi."

"Basi naomba kidogo, nesi anawe."

Mganga mkuu akashtuka. "Mzee, haya si ya kuosha mikono. Haya ni ya kunawa mikono."

Nilisoma mpaka darasa la tatu. Somo hilo sikulifikia. Nikachota kiganja kimoja, nikatoka mbio. Korido inarefuka, maji yanachuruzika vidoleni.

Asumini ananicheka. "Baba Tausi, mbio za nini? Mguu tu huu."

"Mama Tausi, usimpe mtu mkono!"

"Nimeshampa. Nesi kanipa mkono wa pole, mie ningemnyima?"

Kibao ukutani kimegeukia ukuta. Nesi Generoza anatazama viganja vyake. "Mzee," ananiambia, "mbona umechelewa na maji?"

Nikaamka. Ndoo zangu kavu tangu juzi, mtaa mzima hauna maji. Sabuni ya mawaridi humu ndani haijapata kuingia, si enzi zake Asumini, si sasa. Lakini kiganja changu cha kulia kimelowa, nacho kinanukia mawaridi.

Kumbe maji yalikuwepo. Sasa aliyeshika koki ni nani?