Norgye Avuka Mpaka

Jumanne moja, saa tano asubuhi, Dechen alikuwa akikata kabichi kwenye mkahawa wake wa Baudha, mjini Kathmandu, baba yake alipoingia na kukaa kwenye meza ya dirishani. Mzee Norgye alikuwa amefariki huko Tingri, Tibet, siku kumi na tatu kabla. Viatu vyake vilikuwa na theluji.

Dechen alimfutia meza. Hawakuwa wameonana kwa miaka thelathini na moja, tangu Dechen alipokuwa na miaka tisa na kukabidhiwa kwa mpitishaji avushwe milima. Wazazi waliahidi kumfuata.

"Ulisema mtakuja theluji ikiyeyuka," alimwambia.

"Niliomba pasipoti mara saba, mwanangu. Safari hii sikuomba. Nimepita kizuizini askari wanakunywa chai, wala mbwa hakubweka."

Akaomba chakula. Dechen akamletea supu ya tambi, ile waliyoipenda watalii. Mzee akainusa, akauliza amefundishwa na nani. Dechen akasema amejifunza mwenyewe, jikoni mwa shule ya bweni, maana hakuwa na wa kumfundisha. Mzee aliinuka akaingia jikoni.

Mikono yake haikuweza kushika kitu cha walio hai, kwa hiyo alielekeza kwa mdomo. Aliwaonyesha Dechen na wapishi wake jinsi ya kukaanga shayiri kwenye mchanga wa moto mpaka ipasuke, kuichekecha, kuisaga iwe unga wa tsampa, kisha kuikanda kwa vidole na chai ya siagi. Jioni aliwapikisha uji wa tsampa wenye figili na jibini kavu. Wafu hula harufu tu, na bakuli alilokwisha kuliinamia halikubaki na ladha yoyote, hivyo walimpakulia lake pembeni.

Choenyi, binti wa Dechen, alikuwa na miaka ishirini na alikuwa amekua akila tambi za pakiti. Alikula uji ule, kisha akauliza kama huko kwao ndicho chakula walichokuwa wakila siku zote.

"Kila siku," babu yake alisema. "Mpaka tukakichoka."

Choenyi akajaza bakuli la pili.

Habari zilienea mtaani. Watu waliotoka Tingri wakaja kula, na kila mmoja alikuwa na wa kumuulizia. Fundi viatu Jampa alitaka kujua kama kaka yake naye yuko njiani.

"Yule bado anapumua," Norgye alimwambia. "Pole sana."

Jampa akashukuru, akaendelea kula.

Siku ya arobaini na tisa tangu afariki ilipofika, siku ambayo kwa imani yao roho huenda kuzaliwa upya, mzee alianza kufunga kamba za viatu. Dechen alimshika mkono, ukapita katikati ya vidole vyake kama mvuke. Akamsihi akae, hata mwezi mmoja.

"Hata kibali hiki kina mwisho wake," alisema mzee. Alimtazama Choenyi, akamtazama tena Dechen, kisha akatoka kwa mlango wa mbele kama mteja yeyote.

Wiki tatu baadaye mama yake Dechen alipiga simu kutoka Tingri. Simu zao zilikuwa fupi, kwa kuwa askari walizisikiliza. Aliuliza kama mzee alifika salama. Dechen akasema alifika. Mama akauliza kama alisumbuliwa njiani. Dechen akasema hakuna aliyemwona.

Kisha mama, kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema, akasema kwamba tangu baridi ianze kifua chake kinambana, na usiku anakohoa damu.

Dechen akamwambia aende hospitali.

Mama akasema hospitali ni mbali, na barabara ni mbaya. Akangoja.

Dechen hakumwambia aende mara ya pili. Alimwambia meza ya dirishani iko wazi.