Simba wa Ziwa Yuko Juu ya Matofali

Boti ya forodha iliingia Lubumbashi juu ya trela, ikapigiwa tarumbeta, ikakatiwa utepe, na tangu siku hiyo maji pekee iliyoyaonja ni ya mvua. Ubavuni iliandikwa kwa herufi kubwa: SIMBA WA ZIWA. Matairi ya trela yalipokwisha upepo, Simba alinyanyuliwa akawekwa juu ya matofali katika uwanja wa kikosi cha forodha, kati ya choo na gari bovu la Direkta, mkuu wa kikosi. Kutoka hapo mpaka ziwa Moero, alikotakiwa kulinda mpaka, ni safari ya siku nzima kwa lori, tena barabara ikiwa na huruma.

Mbele ya geti la uwanja huo Kaku Chishimba aliuza mandazi na uji. Kaku ni bibi kwa watu wa huko, naye alikuwa bibi wa kila aliyepita na njaa. Alizaliwa Kilwa, ukingoni mwa ziwa hilohilo. Mdogo wake, Mapalo, aliolewa kisiwani, upande wa Zambia, na sasa ilikuwa miaka sita hawajaonana.

Aliyekabidhiwa boti alikuwa Kapteni Ephraïm, mtoto wa mtu wa reli, aliyepelekwa pwani miezi mitatu kujifunza ubaharia. Kila asubuhi alivaa nguo nyeupe, akapanda ngazi, akakaa kwenye usukani, akashuka, kisha akaandika katika daftari la doria herufi tatu: R.A.S.

"Hizo zinasema nini, papa?" Kaku alimwuliza siku moja.

"Rien à signaler, Kaku. Ni kusema hakuna jambo lililotokea."

"Ah. Basi wewe ni mutu wa kweli."

Ephraïm alicheka, maana hakuwa mtu wa kiburi. Hakununua andazi hata siku moja bila kuuliza kwanza habari ya goti la Kaku. Mvua zilipoanza, yeye mwenyewe alibeba benchi na mbabula, lile jiko la makaa, akaviweka chini ya tumbo la boti. Simba alikuwa hajalinda mpaka, lakini moto wa Kaku aliulinda vizuri sana.

Tena alikuwa amempa ahadi. "Siku Simba anatoka, Kaku, utaketi mbele kwenye lori. Na kisiwani nitakuvusha mimi."

Neno la mtu mwenye adabu lina uzito, na Kaku alilishika. Miezi kumi na minne alilishika.

Ndipo asubuhi ya Jumatano simu ikalia. Alikuwa Bijou, binti wa Mapalo. "Mama amelala, hakuli tena. Anauliza jambo moja tu, kama umefika wapi. Ukichelewa, Mama Mukubwa, utakuta kaburi."

Kaku akanawa mikono, akafunga mandazi sita katika karatasi, akaingia kwa Direkta Jean-Claude.

"Mama, boti haiwezi kutoka bila cheti cha majaribio," alisema Direkta, akifungua karatasi.

"Na cheti kinatolewa wakati gani?"

"Baada ya majaribio."

"Na majaribio wanayafanyia wapi?"

"Ziwani, Mama. Wapi tena?"

Kaku alingoja amalizie. Kumbe alikuwa amekwisha kumaliza, na sasa alikuwa kwenye andazi la tatu.

"Ulinzi wa mipaka hautaki haraka," Direkta aliendelea, mdomo umejaa. "Watu wa magendo ni adui mujanja. Hawaonekani."

Adui mjanja alikuwa nje, kwenye benchi la Kaku, chini ya boti, akinywa uji. Aliitwa Faustin. Kila Alhamisi lori lake lilishusha vitenge ziwani, likarudi na unga na sukari ambayo haikuwahi kuona mlango wa ofisi yoyote. Askari walimwita patron na kumwuliza habari za watoto, kwa majina yao. Asiyemwona Faustin labda ni kipofu, na katika kikosi kile hakukuwa na kipofu hata mmoja.

"Kaku, leo uji hauna sukari," alisema. "Iko nini?"

Kaku alimweleza. Faustin akaweka kikombe chini.

"Kesho ni siku ya ine, siku ya lori. Panda kwa lori yangu. Minapita njia ile ile boti itapita kuja kunikamata."

"Na ziwa?"

"Mutumbwi iko, na motere yake. Unaogopa maji?"

"Kuzama siogopi," alisema Kaku. "Ninaogopa kuzama kabla ya kumuona Mapalo."

Ephraïm alikuwa amesimama getini, amesikia yote. Alipanda ngazi ya boti, akakaa huko kitambo, akashuka na jile, lile koti la rangi ya chungwa linalomfanya mtu aelee. Lilikuwa bado katika plastiki. Kifuani na mgongoni lilikuwa na neno moja, kubwa kuliko Kaku mwenyewe: DOUANE, yaani forodha.

"Niliahidi kukuvusha, Kaku. Maji sina. Vaa hii."

"Na wakubwa wakiuliza iko wapi?"

"Nani atauliza? Hapa hakuna jambo linatokea."

Faustin alimtandikia godoro kwenye kiti cha mbele, na njiani alisimamisha lori mara nne ili goti lipumzike, ingawa mzigo wake haukuwa wa kusimama-simama. Walilala Kilwa kwa jamaa. Kulipopambazuka, Kaku alivaa koti lake, akafunga kamba zote tatu kama Ephraïm alivyomwonyesha, akaketi mbele mtumbwini, wima, kikapu magotini, Faustin nyuma kwenye motere.

Katikati ya ziwa walikutana na mitumbwi mitatu ikitoka ng'ambo, imejaa magunia. Kaku, mtoto wa ziwa aliyelelewa vizuri, aliinua mkono awasalimie.

Wale wakaona rangi ya chungwa. Wakaona DOUANE. Wakaona mkono ulioinuliwa. Mtumbwi wa kwanza ukageuka kwa kishindo, wa pili ukafuata, na wa tatu, uliokuwa mzito, ukamwaga gunia zima la sukari majini ndipo ukapata mbio. Kaku akazidi kupunga mkono ili waone hana ubaya. Wakazidi kukimbia.

Faustin alicheka mpaka akauachia usukani. "Mwaka na miezi miwili Simba hajatisha hata bata. Weye unafukuza mitumbwi tatu na mukono moja."

"Maskini," alisema Kaku. "Mi nilitaka tu kuwapa jambo."

Kisiwani, Mapalo alikuwa kwenye mkeka, mwembamba kama ufito. Alifumbua macho akalitazama lile koti muda mrefu.

"Yaya," alimwita dada yake kwa sauti ndogo, "unakuja kunifunga?"

"Ninakuja kukupa uji."

Mapalo akacheka, na kucheka kulimchosha, lakini alicheka. Siku tisa Kaku alimlisha kijiko kwa kijiko, na siku tisa Mapalo alitaka asimuliwe tena habari ya sukari iliyomwagika. Siku ya kumi alilala na mkono wake katika mkono wa dada yake, na hakuamka.

Kaku aliporudi Lubumbashi alilifua lile koti, lakini harufu ya dagaa ilikataa kutoka. Alimkabidhi Ephraïm likiwa limekunjwa.

"Ulimukuta?"

"Nilimukuta, papa. Asante." Akamsimulia yote, hata ile mitumbwi mitatu iliyokimbia koti.

Ephraïm alifungua daftari la doria. Safari hii kalamu yake ilichukua muda. Kisha akamsomea: "Sehemu ya kikosi ilifanya doria ziwani. Mitumbwi mitatu ya magendo ilirudishwa ng'ambo. Hakuna risasi iliyopigwa."

"Kuna uongo mule?"

"Hata neno moja, Kaku."

Direkta alilisoma daftari, akalipiga muhuri, akalituma Kinshasa. Huko walifurahi sana. Kwa ushindi ule mkubwa wakaleta boti ya pili, ikaingia mjini juu ya trela, ikapigiwa tarumbeta. Faustin alipewa kiti mstari wa mbele, akapiga makofi kuliko wote. Boti ikawekwa juu ya matofali upande wa pili wa choo, na Ephraïm akabeba benchi la Kaku, kwa kuwa tumbo la hii lilikuwa pana zaidi na mvua zilikuwa karibu.

Kaku alipuliza makaa, akaitazama boti mpya kutoka chini.

"Mule ndani kuna majile ngapi?"

"Kumi na mbili, Kaku."

"Uyatunze muzuri, papa," alisema, akimmiminia uji. "Ni hayo tu yanafanya kazi."