Mkono Wako Usiume

Bwana Farrokh alipaswa kukohoa. Tangu madaktari wampasue kifua na kuushona mfupa kwa waya, uhai wake ulitegemea jambo hilo dogo: akohoe kwa nguvu, atoe kohozi lililokuwa likijikusanya mapafuni. Dawa kali ya maumivu ilikuwa imemzamisha usingizini hadi pumzi zikakaribia kukatika, na daktari akaisimamisha. Njia nyingine za kutuliza maumivu zilikuwa mikononi mwa Golnush, mwanafunzi wa uuguzi: barafu pembeni mwa kidonda, mto wa kukumbatia anapokohoa, na mafuta ya kumkanda miguu.

Golnush aliyaamini hayo. Aliamini kwamba mkono wa mtu hufika mahali ambapo sindano haifiki.

"Baba, maumivu yakoje? Sifuri ni hakuna, kumi hayavumiliki."

"Ukiwepo wewe, binti yangu, maumivu gani tena? Maisha yangu yote nimegonga shaba sokoni Isfahan. Safari hii nimegongwa mimi."

"Nipe namba, baba."

"Sifuri. Usijisumbue."

Mkewe, Mahin, akacheka. "Usimsikilize, mwanangu. Huyu hata akiungua, atauomba moto radhi."

Golnush akaweka barafu, akamkanda nyayo polepole. Mzee alifumba macho.

"Mkono wako usiume," alisema, kama ashukuruvyo kila mtu wa Isfahan anapopewa chai au kupishwa njia.

"Nacho kichwa chako kisiume," Golnush akajibu inavyopasa, kisha akampa mto. "Haya, ukumbatie, ukohoe."

"Baadaye, binti. Wapo wanaokuhitaji zaidi."

Ingekuwa chai, Golnush asingekubali kukataa huko. Mgeni hukataa kwanza, hukataa tena, ndipo apokee. Hata mtoto anajua. Lakini hapa palikuwa wodini, na darasani alifundishwa kuiamini namba ya mgonjwa. Aliondoka na furaha ya siri: mikono yake ilikuwa inaponya.

Asubuhi iliyofuata homa ilikuwa imepanda, na picha ya eksirei ikaonyesha pafu la kushoto limejaa kohozi. Wauguzi walimwinua mzee, wakambana mto kifuani. Alikohoa kikohozi kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa watu asiowajua, na jasho likamtiririka.

"Baba, nakuomba kwa jina la Mungu. Ni ngapi?"

Mzee alimtazama mkewe, kisha akamtazama Golnush.

"Kumi," alinong'ona. "Tangu jana. Ulinikanda kwa moyo mno, nikaona haya kukuambia haisaidii."

"Farrokh!" Mahin alilia. "Adabu hiyo inamfaa nani?"

Golnush alibadilisha barafu. Alikanda tena miguu ile, kwa nguvu zaidi, kisha kwa upole zaidi, bila kujua tena kilichokuwa sahihi, hadi wauguzi walipokuja kumchukua mzee kumpeleka kwenye mashine ya kupumulia. Daktari hakuahidi lolote. Bomba lilikuwa tayari linamsubiri.

Kabla jua halijazama, kitanda kilitandikwa shuka jipya. Mahin alizikusanya ndara za marehemu mumewe, akazifunga kwenye pindo la mtandio wake, akamgeukia Golnush aliyesimama kando ya kitanda.

"Mkono wako usiume, mwanangu."

Golnush alifungua kinywa. Jibu alilijua tangu utotoni. Halikutoka.