Aliyebaki Ghorofani

Mtasema mtakavyo, lakini mimi ile nyumba sikuipenda. Tulihamia pale, mimi na mume wangu, mtoto wetu akiwa tumboni, tukakaa hadi akaoa, na sikumbuki siku niliyopanda zile ngazi bila kusonya na kunung'unika. Zilikuwa nyembamba, watu wawili hawapishani mpaka mmoja ajibane ukutani. Mlango wetu ulikuwa umevimba kwa unyevu, haufunguki hadi uupige bega. Chini yetu alikuwepo mchomelea vyuma, kutwa anakwaruza, na moshi wake ulipanda moja kwa moja hadi kwenye vitambaa vya watu. Mimi ni fundi wa nguo. Nilishonea palepale sebuleni, dirishani, na dirisha lenyewe lilitazamana na ukuta.

Nilimkalia mume wangu kooni miaka nenda miaka rudi. Yeye ni kinyozi, mtu mpole. Maneno yake yote huyamaliza kwa wateja, akifika nyumbani ni bubu. Mwisho akachoka.

"Haya mke wangu, tuhame. Nipumzike na mimi."

Tukahama. Makao mapya hayana kasoro: kuta nyeupe, maji hayakatiki, mlango unausukuma kwa kidole. Kelele hakuna kabisa. Nikaweka cherehani dirishani, mwanga tele, nikatamba kwamba sasa ndiyo watu wataniona ninavyoshona. Gauni la kwanza nililolikata pale lilitoka na mikono miwili ya kushoto.

Fundi yeyote atakwambia hilo ni kosa la mwanafunzi. Unasahau kugeuza kitambaa, unakata mikono yote ya upande mmoja. Mimi sikuwa nimelifanya tangu nianze kujitegemea kwa mkasi wangu. Nikacheka, nikatafuta kitambaa kingine, nikarudia vilevile. Safari iliyofuata nilikata huku nanong'ona kama mchawi, kulia, kushoto, kulia, kushoto, na nilipouweka mkasi chini ilikuwa kushoto na kushoto. Hapo kicheko kiliniisha. Wateja wakaanza kupotea mmoja mmoja, na mimi nisiposhona sijui ni nani. Halafu kukawa na ule usingizi. Kila alasiri ulinibeba nikiwa kitini, mimi ambaye mchana silali hata nikiumwa, na mume wangu akipita nyumbani kula alisema ananiita siitiki, ananitikisa siamki.

"Siku hizi uko wapi?" aliniuliza.

"Si niko hapa mbele yako?"

Akanawa mikono, akarudi kazini.

Ndipo aliponipigia simu binti aliyepangishwa ile nyumba yetu ya zamani. Ni muuguzi, zamu zake ni za usiku, kwa hiyo analala mchana.

"Shikamoo mama. Samahani kwa kukusumbua. Eti humu ndani alishawahi kufariki mtu?"

Mama yangu mzazi alifia kwenye chumba cha ndani, nimemshika mkono.

"Kwa nini unauliza, mwanangu?"

"Kuna mtu anakuja. Kila alasiri namsikia anapanda ngazi, anaupiga mlango bega, anaingia. Nikitoka kutazama, hamna mtu. Na komeo liko vilevile nilivyolifunga."

Machozi yalinilengalenga. Nilimwambia huyo ni mama, asimwogope, hana baya na mtu. Alipenda sana pale. Alikuwa akisema hata wampe jumba la kifalme, hatoki.

"Huyu hapapendi, mama. Akiingia tu, anasonya."

Mama yangu hakuwahi kumsonya mtu wala kitu maisha yake yote. Aliyekuwa akisonya mle ndani ni mmoja tu.

Mume wangu nilimweleza wakati anakula. Nilidhani atanicheka, na ningefurahi sana angenicheka. Badala yake aliweka kijiko chini.

"Basi nenda kamlete," alisema.

Kesho yake nikaenda. Yule mchomelea vyuma alikuwa ameinama kazini, cheche zinaruka. Hakuinua hata kichwa.

"Mama fundi, za tangu jana?"

Sikuwa nimekanyaga pale tangu tuhame. Nilimjibu nzuri, nikapanda.

Muuguzi alinikaribisha chumba cha ndani, tukakaa kitandani mwake, pazia limefunguliwa ili tuone sebuleni. Alikuwa binti wa kujikaza. Tukasikia hatua. Zilipanda polepole, zikasita kwenye ile ngazi iliyomeguka, mtu akavuta pumzi, zikaendelea. Nilizijua. Bega likagonga mlango. Kwa macho yetu komeo halikutikisika, lakini mlango tuliusikia ukifunguka, kisha likaja sonyo refu la kukata maini.

"Nyumba gani hii!" ilisema sauti yangu.

Binti alinishika mkono kwa nguvu. Hatua zikaenda hadi dirishani. Kiti ambacho hakipo kikatoa mlio wa kukaliwa. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo, na neno dogo ambalo halikukusudiwa kusikiwa na yeyote.

"Aah. Nimefika."

Ina maana nilikuwa nasema hivyo kila siku? Sonyo nililijua, maana nilisonya ili mume wangu asikie. Hili la pili lilinitoka lenyewe, miaka yote ile, na hakuna aliyeniambia. Nililia bila aibu mbele ya mtoto wa watu. Niliipenda ile nyumba. Niliupenda hata ule ukuta wa dirishani.

Nikainuka, nikaingia sebuleni. Palikuwa patupu, lakini harufu ya chaki ya kushonea na mafuta ya cherehani ilikuwepo, na mkasi ulisikika ukila kitambaa taratibu, kwa raha, mkasi wa mtu anayejua anachokifanya.

"Mwenzangu," nilisema, "amka twende nyumbani. Mimi huko peke yangu siwezi."

Mkasi ukatulia. Nilisubiri. Nikasikia sonyo, safari hii fupi, laini, kama la mtu aliyetaniwa na shoga yake.

"Nyumbani wapi tena? Si ndiyo hapa."

Mkasi ukaendelea na kazi.

Muuguzi aliniuliza afanyeje sasa, amwite nani. Nilimwambia amwache, asimwite mtu, na akisonya asimjali, ndivyo alivyo. Nikashuka zangu, safari hii sikunung'unika.

Mume wangu nilimkuta amesimama mlangoni, kinyozi amefunga kazi mapema kwa ajili yangu. Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu, hadi mwisho wa njia.

"Mmekuja?" aliuliza.

"Nimekuja peke yangu."

Alisogea nipite, akaufunga mlango taratibu.